Majina ya Kamba

Sidhani kama kuna kitu kilichotumikishwa na washairi wa Kiswahili kuliko chombo cha tanga. Ndoa ni chombo, nchi ni chombo, na moyo wa mpenzi aliyeachwa ni chombo kilichokatika nanga. Mtunzi akiishiwa na maneno humrushia msomaji mlingoti, usukani na dhoruba, na ubeti ukatimia. Sisemi haya kwa kukebehi. Nimezisomesha sitiari hizo kwa zaidi ya miaka thelathini katika shule za sekondari za uwanda wa Ufipa, mahali ambapo maji makubwa kuliko yote aliyopata kuyaona mwanafunzi wangu aghalabu yalikuwa lambo la kunyweshea ng'ombe. Aliyeandika kwamba joshi ni upande wa chombo uelekeao upepo alipata alama yake, nasi tukaingia ubeti wa pili.

Maneno hayo niliyapokea kwa mkufunzi wetu wa Kiswahili katika chuo cha ualimu, mzaliwa wa Pangani, ambaye siku moja ya mwaka 1983 aliacha kabisa somo alilokuwa amelipanga, akachora jahazi ubao mzima na kuandika jina la kila kiungo. Niliyanakili yote. Daftari hilo ninalo hata leo, jalada lake limekwisha lakini kurasa zimesalimika: omo na tezi, mkuku na mataruma, foromali, henza, demani, joshi, dasi, ngama, farumi, shahamu. Kwa miongo minne yalikuwa kwangu kama majina ya masultani waliokwisha kufa. Kisha nikalazimika kutafuta chombo cha kweli.

Nilipostaafu nilishuka Kabwe, wilayani Nkasi, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika. Asiyepafahamu na akumbuke tu kwamba ukitoka Sumbawanga unakoaga koti, unaliacha huko juu pamoja na ngano na baridi yake, kisha barabara inateremka mpaka unapokutana na joto na harufu ya dagaa walioanikwa mchangani. Kabwe ina gati, ina soko la samaki, na ina maboti mengi, karibu yote ya injini. Tanga limekuwa kitu cha kuonyesheana vidole. Likipita moja kwa mbali, likitokea upande wa Kongo au kwa wavuvi wa kusini, watoto husimama kulitazama.

Mimi nilitaka tanga, na sababu yake si mapenzi ya ushairi. Kaka yangu alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Mwaka 2009 alipanda boti la mizigo kurudi kutoka Kigoma. Usiku injini ikazimika, upepo ukalipiga boti ubavuni, na kwa kuwa halikuwa na tanga wala makasia ya maana halikuweza hata kugeuza omo lipokee mawimbi. Alizikwa na watu wema wa kijiji kimoja kilicho kaskazini ya milima ya Mahale. Mwanawe, aliyekuwa na miaka mitatu, sasa ni kijana wa kumi na tisa, na hajapata kuliona kaburi la baba yake. Aliponiambia kwamba angependa kulifikia kwa njia ile ile aliyopita baba yake, yaani kwa maji, nilimwambia tutakwenda. Mama yake, shemeji yangu, hakukataa wala hakukubali. Alisema neno moja tu: "Chombo kisicho na tanga mwanangu hapandi."

Basi hiyo ndiyo ikawa shurti ya kwanza ya kuchagua.

Nilipoanza kuuliza bei nilijifariji kwa kukumbuka kwamba wengi wamehangaika kabla yangu kulipatia chombo ziwa hili. Machi 1858, John Hanning Speke alivuka kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi kisiwa cha Kasenge kwenda kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim amkodishe jahazi, na akarudi bila jahazi. Yeye na Burton ikawabidi waende kaskazini kwa mitumbwi, matako majini. Verney Lovett Cameron, aliyekuwa luteni katika jeshi la wanamaji la Uingereza, alifanikiwa zaidi: mwaka 1874 alipata Ujiji vyombo viwili, akavibatiza Betsy na Pickle, na kati ya Machi na Mei akaizunguka nusu ya kusini ya ziwa, akipita mbele ya pwani hii hii ya Ufipa. Pickle, kwa Kiswahili chetu, ni achari. Stanley hakutaka kubahatisha. Alikuja na Lady Alice yake kutoka Uingereza, imekatwa vipande na kubebwa mabegani mwa wapagazi tangu Bagamoyo, na mwaka 1876 akalizunguka ziwa zima kwa siku 51. Lakini ninayempenda ni Edward Coode Hore, baharia aliyefika Ujiji mwaka 1878 kwa kazi ya misheni, ambaye alitwaa chombo cha hapa hapa, akakiwekea matengenezo kwa mujibu wa ujuzi wake na kukiita Calabash, yaani Kibuyu. Mtu aliyeona kwamba kibuyu huelea, na kwamba huelea kwa unyenyekevu, alikuwa na jicho la mshairi.

Katika masimulizi haya mna jambo moja la lugha ambalo sikuwahi kulifikiri darasani. Jahazi alilolitafuta Speke halikuteremka kutoka mbinguni. Wafanyabiashara wa pwani waliofika Ujiji walikuja na mafundi, na mafundi walikuja na majina. Kwa hiyo demani, joshi na henza, maneno yaliyozaliwa chumvini, yalifika huku kwa miguu, zaidi ya kilomita elfu moja nyikani, pamoja na shanga na marekani, kitambaa kile cha pamba ambacho jina lake lenyewe linasema kilikofumwa. Yakaanza maisha mapya katika maji matamu. Swali lililonikabili ni kama bado yako hai.

Nilionyeshwa vyombo vitatu. Cha kwanza kilikuwa boti la mizigo la mita 14, limepakwa rangi ya buluu likameta, na mwenyewe alinihakikishia kwamba mlingoti ni kitu cha kuongeza tu, kama mtu anayeongeza kiti sebuleni. Fundi niliyeandamana naye, mzee wa miaka sabini na kitu kutoka Kirando, alizama ndani, akakaa kimya kitambo, akatoka akifuta mikono. Mataruma mawili ya nyuma yalikuwa yamekatwa ili kupisha injini, na juu ya mkuku hapakuwa na kiti cha kusimamishia mlingoti. "Mwalimu," akasema, "hili si chombo. Hili ni kasha linalosukumwa." Cha pili kilikuwa mtumbwi mrefu wa gogo moja ulioinuliwa kwa ubao mmoja kila upande, kitu kizuri mno kwa mvuvi asiyeondoka machoni pa mkewe. Kwa safari yetu haukuwa na kina cha kubeba watu wanne, chakula na maji, wala kifua cha kuhimili tanga.

Cha tatu tulikikuta Kirando, chini ya mwembe, kimelazwa miaka mitano. Mashua ya mita 8, mbao za mninga, rangi imekwisha zamani, na kati ya ubao na ubao niliweza kupitisha ncha ya kidole. Moyo wangu ulipoa. Mzee fundi, kinyume chake, alianza kutabasamu. Kwanza aliinama akanusa ngama, yaani pale chini kabisa maji yanapojikusanya, kwa sababu ubao uliooza hutoa harufu kabla haujaonyesha dosari. Kisha akafunga uzi omo na kuuvuta hadi tezi kandokando ya mkuku, akaukaza; ulilala juu ya mkuku bila kuacha mwanya. Kisha akatwaa kisu, akawa anachoma hapa na pale, hasa pale ubao wa kwanza unapokutana na mkuku na kuzunguka kila msumari. Kisu kikiingia kama katika muhogo uliochemka, pana maradhi. Aliweka alama za mkaa mahali pasipozidi kumi. Mwisho alipiga mataruma kwa nyundo, moja baada ya jingine, akisikiliza kama mpimaji wa ngoma. Manne yalijibu kwa sauti ya bubu, hayo yangebadilishwa. "Mwanya si ugonjwa," akaniambia. "Mbao zina kiu tu."

Kiasi kikubwa cha kiinua mgongo changu kilibaki Kirando siku ile.

Matengenezo yalichukua miezi miwili na zaidi, na mengi yake hayana simulizi: kukata, kuchonga, kupigilia misumari ya zinki, kusubiri. Nitasema juu ya yale tu yaliyogombana na daftari langu. Daftari lilisema kwamba chombo kikishatiwa kalafati hupakwa shahamu chini, mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa. Kalafati tuliitia, pamba iliyosokotwa na kulowekwa mawese, ikasindiliwa katika kila mwanya kwa patasi butu. Lakini nilipotaja shahamu mzee aliniuliza ni ya nini. Nikamweleza habari za mdudu wa baharini atoboaye mbao zilizo chini ya maji. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa juu ya simba wa nchi nyingine. Mdudu huyo hawezi kuishi katika maji yasiyo na chumvi. Huku shahamu ingekuwa dawa ya ugonjwa usiokuwapo. Adui wa ziwani anatoka juu. Maji ya mvua yakituama ngamani huozesha mninga kimya kimya, wakati ambapo pwani maji ya chumvi huukinga ubao na uozo. Kwa hiyo badala ya shahamu tulipata kazi ambayo mkufunzi wangu hakuiandika: kutoboa kila taruma tundu dogo upande wa chini ili maji yapite yote hadi mahali pamoja pa kuchotea, na kushona turubai la kufunika chombo kizima kikiwa kimelala.

Kuna tofauti nyingine ya chumvi ambayo mwalimu wa jiografia, kwani nilisomesha na hiyo pia, hana ruhusa ya kuisahau. Lita elfu moja za maji ya bahari zina uzito wa kilo 1,025 hivi. Za ziwa letu hazizidi elfu moja kwa kitu cha kutajika. Chombo kile kile, kwa shehena ile ile, huzama zaidi ziwani kuliko baharini. Si tofauti kubwa kwa mashua ndogo, lakini nilimwonyesha kijana wangu kwa yai na beseni mbili, moja ikiwa na chumvi, akaelewa kwa nini mstari wa mwisho wa kupakia tuliupiga chini kidogo kuliko alivyotaka.

Kalafati ilipokauka, mzee alitushangaza kwa kutuamuru tukizamishe chombo. Tulikiingiza maji ya kiunoni, tukakijaza mifuko ya mchanga, tukakiacha kikae chini siku nne. Mbao zikanywa, zikavimba, zikabanana zenyewe kwa zenyewe. Wapita njia walitupa pole. Nami nikakumbuka kwamba ziwa hili lina mazoea ya kuficha vyombo kwa nia njema: Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma ili isitekwe, baada ya kuipaka injini yake mafuta mazito. Iliopolewa mwaka 1924, ikafanya kazi, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa ncha ya kusini ya ziwa mwaka 1867 kabla hajajua kwamba alikuwa akiyatazama maji ya Tanganyika. Chetu tulikiopoa siku ya tano. Kilivuja kikombe kimoja kwa usiku.

Tanga ndilo lililotuweka. Turubai za madukani ni nzito na hazina mnyumbuko, na tanga la viroba vilivyounganishwa, ambalo nimeliona kwa wavuvi, huchanika likipigwa na upepo wa ghafla. Hatimaye tulipata kitambaa kizito cha pamba kutoka Sumbawanga. Mzee alikitandaza uwanjani, akatembea juu yake pekupeku asubuhi nzima na mkaa mkononi, akachora mikunjo bila rula. Tanga si bapa kama shuka, linakatwa liwe na tumbo. Kisha akaketi kushona dasi, kamba inayozunguka ukingo wote wa tanga ili kitambaa kisiraruke, na ilimchukua siku tisa kwa sababu jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho. Nilimwuliza ni nani mwingine kati ya Kabwe na Kirando anayeweza kukata tanga. Alitaja majina mawili, akaongeza kwa kila moja, "Mungu amrehemu."

Ndipo tukafika siku ya majaribio, na hapa ndipo ninapowaomba washairi wenzangu wanisikilize.

Tulikuwa wanne: mzee kwenye usukani, mimi katikati, kijana na rafiki yake mvuvi mbele. Upepo ulikuwa wa wastani. Tulitweka tanga, chombo kikalala kidogo, kikaanza kuimba ubavuni, nami nikasikia kwa mara ya kwanza maishani jambo nililolieleza darasani mara mia. Kisha upepo ukashuka ghafla kutoka milimani, kama ufanyavyo hapa, na chombo kikainama hadi maji yakalamba ukingo. Mzee akapaza sauti, "Legeza kamba ya nyuma!" Yule mvuvi kijana, hodari na mwepesi, akaruka hadi tezi na kuanza kufungua kamba ya kufungia chombo gatini. Kwa mtu aliyekulia katika maboti ya injini, kamba ya nyuma ni hiyo, hakuna nyingine. Kamba ya tanga, ambayo ndiyo ilikuwa ikitukokota tupinduke, iliendelea kukaza. Mzee aliacha usukani, akaifyatua kwa mkono wake mwenyewe, tanga likapiga makofi na chombo kikainuka.

Tulirudi pwani. Hakuna aliyelaumiwa, maana kila mmoja alikuwa amesema na kutenda kwa lugha aliyolelewa nayo. Nilimwuliza mzee, kwani wao zamani kamba ile waliiitaje? Akafikiri. "Baba yangu alikuwa akiita demani," akasema, "lakini vijana hawaijui, nikaacha kuitumia. Nikitaja demani wananitazama tu." Nilikwenda nyumbani nikaleta daftari. Tuliketi kwenye mchanga, nikamsomea orodha ya mkufunzi wa Pangani, na mzee huyu wa Kirando, ambaye hajapata kuiona bahari, akawa anaitikia moja baada ya jingine: henza, ndiyo, foromali, ndiyo, joshi, ndiyo, hiyo ni pembe ya mbele inayofungwa kuelekea upepo, farumi, ndiyo, mawe ya kutuliza chombo kisicho na shehena. Mengine hakuyajua, na mawili alinisahihisha matamshi. Maneno yaliyokuja kwa miguu yalikuwa bado yamo ndani yake, yamewekwa tu, kama vyombo vya wageni kabatini.

Jioni ile shemeji alikuja. Alikuwa ameyaona yote kutoka sokoni. Hakuketi. "Mwalimu," akasema, "nimeona mtoto wa watu anafungua kamba siyo, mchana, jua linawaka. Je, usiku? Mwanangu akiitwa gizani, ataijua kamba anayoambiwa?" Nikamjibu kwamba ataijua. Akasema, "Basi nitamwuliza mwenyewe siku ikifika."

Kwa hiyo kazi iliyobaki ilikuwa ya ualimu. Niliamua kwamba ndani ya chombo chetu hakutakuwa na kamba ya mbele, ya nyuma wala ya juu. Kila kamba itakuwa na jina lake moja, jina ambalo haliwezi kuitwa kitu kingine chochote kilichomo chomboni. Huo, nadhani, ndio uzuri wa istilahi za mabaharia ambao sisi wa vitabuni huupita bila kuuona. Tunadhani joshi na demani ni mapambo, msamiati mgumu wa kumtisha mtahiniwa, ilhali yaliundwa na watu waliohitaji kueleweka kwa pumzi moja, upepo ukivuma, na mwenzao akiwa amewapa mgongo. Neno ambalo kazi yake ni kumwokoa mtu lazima liwe fupi, na lisifanane na jirani yake. Sikiliza: henza, joshi, demani. Hata ukisikia irabu tu katikati ya ngurumo, hutachanganya. Na tazama uchumi wa lugha: demani ni kamba, na ni upande wa chombo ulioupa upepo mgongo, na tena ni majira yale ambapo kusi linakata makali. Nimewahi kuulizwa na wanafunzi kwa nini neno moja libebe mizigo yote hiyo. Baharia hachanganyikiwi, kwa sababu kamba huilegeza, upande huuelekea, na majira huyangoja.

Niliwatungia vijana ubeti wa kukaririsha. Si wa mashindano, na wanaojua mizani wataona nilivyobana hapa na pale:

Henza kamba ya kupanda, tanga lifike juuni,
Joshi pembe ya kuganda, yenye upepo usoni,
Demani yaja na kwenda, ilegeze hatarini,
Na usiku ukitanda, zitambue mkononi.

Mshororo wa mwisho una maana yake. Mzee alizitofautisha kamba kwa kugusa. Ncha ya henza aliifunga fundo moja kubwa, demani mafundo mawili madogo yanayofuatana, na ya joshi akaiacha laini. Vijana waliimba ubeti huo wakikwangua rangi, wakiuimba kwa mahadhi ya nyimbo wanazozipenda wao, ambayo sikuyachagua mimi.

Niseme pia juu ya upepo, maana ndio uliotupangia tarehe. Tangu Mei hadi Septemba kusi huvuma kwa nguvu kulifuata ziwa urefu wake, na ziwa hili lina urefu wa takriban kilomita 670. Wimbi linalozaliwa kusini lina nafasi ndefu ya kukua kabla ya kukufikia. Ndilo pia linaloyasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, hata maji baridi ya kilindini yakapanda huku kusini na rutuba yake, na wavuvi wakafurahi. Kwa anayetoka Kabwe kwenda Kigoma, umbali wa zaidi ya kilomita 250 hata ukienda kama ndege, kusi ni rafiki wakati wa kwenda na ni ukuta wakati wa kurudi. Tumechagua mwisho wa Septemba, yaani katika demani yenyewe, kusi likiwa limebaki la kutosha kutusukuma na mvua za dhoruba hazijaanza. Tutakwenda kwa vituo vifupi, Karema, Ikola, kisha vijiji vilivyo kusini ya Mahale, na rasi ya Kungwe tutaipita alfajiri baada ya kuingojea siku njema, hata kama itatugharimu siku tatu. Kaburi liko mbele ya hapo. Ujiji na Kigoma ni nyongeza. Injini ndogo ya nguvu farasi 15 tumeibeba pia, imelala nyuma chini ya gunia. Mzee huiita mgonjwa wetu.

Jina la chombo lilizusha ubishi wa juma zima. Kijana alitaka jina la baba yake, mama yake akakataa katakata. Jina hilo, alisema, limekwisha kuingia majini mara moja. Nilipendekeza Kibuyu kwa heshima ya yule baharia wa zamani, nikidhani nitachekwa. Mzee alilipenda papo hapo. Rafiki yake kijana, yule mvuvi, ndiye aliyeliandika omoni kwa rangi nyeupe, herufi ya mwisho ikabanwa kidogo kwa kukosa nafasi.

Juzi usiku, mwezi ukiwa haujachomoza, shemeji alikuja mchangani bila taa. Alimwambia mwanawe apande chomboni, akasimama kando akiwa amejifunga khanga mbili kwa upepo. Akawa anataja. Aliyataja majina bila kufuata mpango, akirudia lile lile mara mbili ili kumtega, wakati mwingine kwa sauti ndogo mno, na kila mara tulisikia mkono wa kijana ukipapasa, ukitulia, kisha kamba ikigongwa mara moja juu ya ubao kama tulivyokubaliana. Sijui alijifunza lini majina hayo. Nadhani aliusikia ubeti kutoka sokoni kama alivyoyaona yale mengine. Alipotosheka alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa wewe, Mwalimu. Panda."

Nilipanda. Aliniuliza zote tatu, akaongeza na ya nanga, ambayo haikuwamo katika ubeti. Jana asubuhi alileta kilo ishirini za unga, dagaa wakavu na madumu mawili ya mawese. Majaketi okozi manne yamefika na nimeyajaribu moja moja majini. Bado tunangoja kitambaa cha tanga la akiba kutoka Sumbawanga, na jicho la mzee lipumzike ili alishone.